Darasa la saba warudishwe kwenye zamu ya chakula

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi ya kutwa huku Kilolo, mkoani Iringa. Shule siitaji, kwa sababu ninalolisema lipo shule nyingi, na mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema tu. Kazi yangu ni uji saa nne, makande mchana.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni jambo zuri. Mjukuu wangu wa darasa la nne ana daftari lake, kaandika uwajibikaji, uadilifu, uzalendo, na mwalimu kampigia vema kila mstari. Lakini shuleni hapohapo darasa la saba wameondolewa kwenye zamu ya chakula. Wapo kambi ya kitaaluma, wanajiandaa na mtihani wa Septemba, na tumeambiwa wasipotezewe muda.

Wasiojua zamu hiyo inavyokwenda niwaeleze. Mimi napika, sipakui. Sufuria likishuka, la saba waliopangwa siku hiyo ndio wanaoshika upawa. Awali na la kwanza wanatangulia, kisha madarasa yanapanda. Anayepakua anakula mwisho. Sheria hiyo niliikuta, sijui aliyeiweka, ila namshukuru. Mtoto anayejua kwamba makande yakipelea ni yake yatakayopelea, hahitaji mwalimu wa kumsimamia. Anahesabu foleni kwa macho, anapunguza upawa kidogo kuanzia katikati, anamwambia rafiki yake wa damu kwamba leo hakuna nyongeza. Rafiki ananuna. Kesho yake ananuniwa mwingine.

Kulikuwa na binti mmoja wa la saba aliyegundua kwamba kuna kamtoto ka la kwanza kanakuja kila siku na mfuniko wa ndoo badala ya bakuli. Wenzake walikuwa wanakacheka. Yule binti hakumpeleka mtu kwa mwalimu. Siku ya zamu yake alikuja na bakuli la ziada kutoka kwao, akalisuuza na mengine, akampakulia mtoto bila neno, na wakati wa kukusanya vyombo akaliacha jikoni kwangu. Kuanzia hapo kila aliyeshika zamu alikuwa anajua lile bakuli la bluu ni la nani. Kwenye daftari la maadili sijui hilo lingeandikwaje, wala angepewa alama ngapi.

Sasa hivi la saba wanapakuliwa wa kwanza ili wawahi kurudi kwenye maswali. Wanaopakua ni la tano, na la tano hawamwezi mtoto wa la saba anayesimama na bakuli na kusema ongeza. Wanaongeza. Foleni ikifika kwa wadogo, upawa unakwangua ukoko. Mara mbili nimeenda mwenyewe kupokonya upawa, nikaambiwa kwa adabu kwamba mpishi abaki jikoni.

Najua watu watasema naunga mkono kutumikisha watoto. Hapana. Yale ya kuwapeleka wanafunzi kulima shamba la mwalimu au kumchotea maji nyumbani kwake yalikuwa wizi, na yakome kabisa. Lakini kupakulia wenzako chakula ambacho na wewe utakila si utumwa. Mwalimu Nyerere aliliandika hili mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, kwamba kazi nyingi zinazofanywa kwa niaba ya wanafunzi wanaweza kuzifanya wenyewe. Sisi tuliosoma enzi zile tulilima, tukafagia, tukaosha masufuria, na mitihani tulifanya. Wengine tulifeli, kweli, mimi mmojawapo, lakini si kwa sababu ya masufuria.

Na muda wenyewe unaosemwa ni upi? Kupakua hakufiki hata nusu saa, na zamu ikizunguka darasa zima, mtoto mmoja haimfikii kila wiki. Huo muda wa mtihani ninaouona mimi kupitia dirisha la jiko ni wanafunzi wamelalia madawati saa nane mchana, wameshiba, mwalimu naye kachoka.

Kuna jambo jingine la kufikiria mapema. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja, kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Maana yake kambi itabeba madarasa mawili. Wakubwa wote wakiwa kambini, awali watapakuliwa na nani? Naomba wanaopanga ratiba za kambi hizo, kuanzia maofisa elimu wa wilaya hadi walimu wa taaluma, waache humo nafasi ya zamu ya chakula, na sheria ya anayepakua kula mwisho ibaki ilivyokuwa.

Haya ningeyasema kwenye kikao cha wazazi. Lakini mpishi kwenye kikao haitwi, isipokuwa kuwachemshia wajumbe chai. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Mpishi wa shule ya msingi,
Kilolo, Iringa