Orodha sikupi

Tanga, Juni 14

Swahiba wangu,

Salaam nyingi, na kwa mama zaidi. Sisi huku wazima. Mvua zimetuachia matope na mbu, mengine yanakwenda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale ulipocheka. Unataka nikuorodheshee albamu bora za jazz, na kabla sijafungua mdomo umeshatoa hukumu: Kind of Blue ya Miles Davis ya kwanza, Head Hunters ya Herbie Hancock ya pili, na Mwandishi, ya Hancock huyo huyo, ni kelele za watu waliopotea njia. Orodha sikupi. Nitakwambia ninazozipenda na kwa nini, na hilo la kelele tutalimaliza humu humu.

Kind of Blue sina ugomvi nayo. Nani atakuwa nao? Miles na tarumbeta, Coltrane na Cannonball na saksafoni, Bill Evans na piano, chumba kimoja, vikao viwili tu, Machi na Aprili 1959. Ila wameigeuza muziki wa hotelini, inalia watu wanakula samaki na hakuna anayeinua kichwa. Ukitaka kuisikia upya, tafuta toleo la 1992 au la baada ya hapo. Kanda ya kikao cha Machi ilirekodiwa na mashine iliyokuwa ikizunguka polepole kidogo, basi ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo za upande wa kwanza zikawa zinatoka juu ya sauti zake halisi. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wakajifunza kuzipiga juu ya kosa hilo.

Mimi napenda rekodi ninayoweza kuingia ndani nikakuta watu. Ndiyo maana Bill Evans ninayemtaka ni yule wa klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya Juni 25, 1961. Kazi ya siku ile ndiyo iliyotoa albamu za Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby. Vaa visikizio, zima taa. Glasi zinagongana, mtu anacheka pembeni, wengine wanapiga soga kana kwamba pale mbele hakuna kitu. Na pale mbele Scott LaFaro, kijana wa miaka 25, anafanya na besi mambo yaliyobadilisha kazi yenyewe. Hashiki mwendo akanyamaza. Anamkatiza Evans, anamjibu, anampokonya wimbo na kumrudishia. Paul Motian anapapasa ngoma kwa brashi, hataki kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Siku 11 baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, na Evans akakaa miezi bila kupiga hadharani. Wale waliokuwa wakipiga soga walikuwa na haki yao, walilipia vinywaji. Lakini kila nikifika "My Foolish Heart" hutamani kuwaambia wanyamaze.

Kinyume chake ni tamasha la Newport, Marekani, Julai 1956, ambako hakuna aliyeweza kukaa. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, siku hizo watu walishaanza kumwona wa zamani. Akamwachia Paul Gonsalves uwanja katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue", na saksafoni yake ikauzunguka wimbo mara 27. Usidhani ni maringo ya pumzi. Anakwenda taratibu, anarudia, anachochea, na kelele za watu zinapanda pamoja naye mpaka unaogopa jukwaa litavunjwa. Sasa sikia vituko. Gonsalves alipigia kwenye maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya santuri, kwa hiyo kwenye albamu ya awali anasikika kwa mbali. Tena sehemu za albamu ile zilirudiwa studio, kisha zikapachikwa makofi! Kanda ya redio ilipopatikana wakaiunganisha na ile ya kampuni, likatoka toleo la 1999. Nunua hilo. Lile la kwanza mpe unayemdai.

Utasema najipinga, maana Brilliant Corners ya mpiga piano Thelonious Monk pia naipenda, na wimbo wenyewe wa jina hilo umeungwa kwa mkasi. Walijaribu mara 25, hakuna jaribio lililofika mwisho sawasawa, ikabidi vipande viunganishwe. Na wapigaji walikuwamo Sonny Rollins wa saksafoni na Max Roach wa ngoma, siyo wanagenzi. Haya, najipinga.

A Love Supreme ya Coltrane naipita, siyo kwa dharau. Ile huisikiliza peke yangu, na siyo kila mwezi.

Tuje nyumbani. Mjomba nikimtajia jazz huniuliza Morogoro Jazz au Western Jazz, na humwekea Mbaraka Mwinshehe bila ubishi, tunafurahi wote. Lakini ipo jazz ya New York iliyotuita kwa lugha yetu kabla hatujazaliwa mimi na wewe: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, Novemba 1960. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na humo ndani anayelisoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Fikiria mwaka. Nchi kibao za Afrika zilikuwa zimeshapandisha bendera zao, na ya Tanganyika bado ilikuwa inasubiri Desemba ya mwaka uliofuata. Halafu inaingia bendi ya watu zaidi ya 20, ngoma za Olatunji na Candido, tarumbeta za Clark Terry na Freddie Hubbard. Sifa zote anapewa Weston, sawa, lakini aliyeipangia bendi nzima muziki ule ni Melba Liston, mpiga tromboni, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Walisikiliza vizuri kuliko wateja wa hotelini.

Na Mwandishi? Ilirekodiwa San Francisco mwishoni mwa 1970. Wote sita wa bendi walikuwa na majina ya Kiswahili. Herbie Hancock ndiye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga. Huyu jina halikuwa la kupachikwa tu, alikuwa daktari kweli wa tiba. Wewe unasema hakuna mdundo wa kushika. Upo, ila wa "Ostinato", wimbo wa kwanza humo, unahesabiwa mpaka 15 ndipo unaanza upya. Shika besi ya Mchezaji peke yake, usimfuate mwingine, hata klarineti ya Maupin ikikuvuta. Baada ya dakika chache utakuta kichwa kinatikisika chenyewe. Head Hunters ya 1973 ni tamu, nakubali, na iliuza kupita kiasi. Ilikuja baada ya bendi hii kuvunjika kwa kukosa fedha, na Herbie akabaki na Maupin tu kati ya wale. Nikiisikiliza nasikia mtu aliyepumzika. Kwenye Mwandishi anatafuta, na mimi wa kutafuta ndiye nampenda.

Nimempa shemeji flashi, anapanda basi Ijumaa. Zote zimo isipokuwa ya Newport. Sikiliza "Ostinato" mara tatu, bila kuchati, halafu niandikie. Ukirudia neno kelele, Ellington utamfuata mwenyewe Tanga kwa nauli yako.

Wako wa siku zote