Asante sana kaunsela wetu wa Arua, Uganda

Jina lako sitataja maana najua hupendi, ila moyo umekataa kunyamaza. Kijana wangu wa miaka 17 alijifungia chumbani miezi mitatu, hali chakula vizuri, haogi, shuleni wakasema ni uvivu tu, na majirani wakanambia karogwa. Wewe ukaja na bodi ya ludo. Ukatandika mkeka chini ya mwembe mkacheza, wiki mbili nzima hukumuuliza kitu, yaani mimi nachungulia dirishani nawaza huyu mtu sasa anafanya kazi gani. Wiki ya tatu nikasikia mwanangu analia, na wewe umeshika ile dadu mkononi, kimya, unamngoja amalize.

Halafu ukanambia, mama, atakachonieleza kinabaki kwangu, isipokua nikiona maisha yake yako hatarini. Niliumia kidogo wakati ule, lakini saa hii naelewa ndo maana alikuamini.

Ulishanisimulia ulikua mwalimu wa hesabu, shule zikafungwa kwa korona Machi 2020 zikaja kufunguka kabisa Januari 2022, ukaingia darasani ukakuta madawati ya watoto wako matupu, wengine wameolewa, wengine wako kwa boda, ndo ukarudi Makerere kusoma saikolojia. Mungu akulipe kwa uamuzi ule kaka yangu.

Jana kaniomba hela ya kunyoa, Jumatatu anarudi shule. Ile bodi uliyotuachia anafundishia wadogo zake.