Geuza pakiti kabla ya kuitia kapuni

Mhariri,

Ushauri wa lishe magazetini mara nyingi huishia kwenye "punguza sukari, punguza chumvi, kula mboga." Ni kweli tupu, lakini mzazi aliyesimama mbele ya rafu haumsaidii kuchagua kati ya pakiti mbili zinazofanana. Anahitaji namba, nazo zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Upande wa mbele ni tangazo. Chukua maneno "haina lehemu" (yaani kolesteroli) kwenye chupa ya mafuta ya kupikia: mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu ya kuhesabika, kwa hiyo maandishi hayo hayatofautishi chupa moja na nyingine.

Nyuma ya pakiti, tafuta kwanza safu ya gramu 100. Safu ya "kipimo cha mlo mmoja" hupotosha, kwa sababu kipimo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyokula. Biskuti mbili zenye uzito wa gramu 25 kwa pamoja zinaweza kuwa na gramu 6 za sukari. Mtoto akila sita, amekula gramu 18, yaani vijiko vya chai vinne na nusu. Kwa gramu 100 biskuti hizo zina gramu 24. Alama za rangi zinazotumika Uingereza huhesabu chakula chenye zaidi ya gramu 22.5 za sukari kwa gramu 100 kuwa na sukari nyingi, na chenye gramu 5 au chini kuwa na kidogo. Kwa chumvi, nyingi ni zaidi ya gramu 1.5 na kidogo ni gramu 0.3 au chini. Vipimo hivi ni vya vyakula; vinywaji vihesabiwe kwa chupa nzima. Soda ya mililita 330 yenye gramu 10.6 kwa kila mililita 100 ina gramu 35, karibu vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50, na ikiwezekana ziwe nusu ya hapo. Asali na juisi ya matunda, hata ile isiyoongezwa kitu, zinahesabiwa humo humo.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Hapo kuna mtego: sukari ikigawanywa kuwa sukari, sharubati ya glukosi na dekstrosi, kila moja hushuka chini na unga hubaki juu, ingawa zikijumlishwa huenda zikaushinda. Zihesabu pamoja. Ukikuta mafuta "yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni", rudisha pakiti rafuni, maana hayo ndiyo chanzo cha mafuta ya transi yanayodhuru moyo.

Chumvi hufichwa na jina la sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Mkate wenye miligramu 450 za sodiamu kwa gramu 100 hauna ladha ya chumvi mdomoni, lakini vipande vinne vya gramu 40 kila kimoja vina gramu 1.8 za chumvi, zaidi ya theluthi ya gramu 5 ambazo mtu mzima hapaswi kuzifikisha kwa siku. Mtoto anatakiwa apate pungufu zaidi. Rangi ya kahawia ya mkate nayo si ushahidi wa nafaka isiyokobolewa, kwani inaweza kutokana na sukari iliyounguzwa. Linganisha wanga na nyuzinyuzi: kwa kila gramu 10 za wanga ziwepo angalau gramu 1 ya nyuzinyuzi.

Mtindi mtupu una gramu 4 hadi 5 za sukari ya maziwa yenyewe kwa gramu 100. Wenye ladha ukionyesha 13, takriban 8 zimeongezwa. Watoto waliozoea utamu wasikatiwe ghafla, watakataa. Changanya nusu kwa nusu, kisha punguza ule mtamu wiki baada ya wiki.

Mboga na matunda ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Wazazi wawili, kila mmoja gramu 400, mtoto wa miaka minane gramu 350, wa miaka minne gramu 250: jumla ni kilo 1.4 kwa siku, karibu kilo 10 kwa wiki, baada ya kumenya. Viazi na mihogo havimo. Anayenunua kilo tatu hawezi kufikia hapo hata apike kwa ustadi gani. Lakini anayenunua zote siku moja bila mpango hutupa nyingi. Mboga za majani ziliwe siku mbili tatu za mwanzo. Kabichi, karoti na boga zisubiri mwisho wa wiki. Majani yasiwekwe yakiwa na maji, yataoza, wala yasikae karibu na ndizi mbivu au tufaha, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi inayoyafanya yawe manjano haraka. Mboga zilizogandishwa bila chumvi ni akiba nzuri na hazipungukiwi thamani ya kutajika. Maharage ya kopo yamwagwe maji yake na kusuuzwa, sehemu ya chumvi itaondoka nayo.

Tunaomba, Mhariri, ukurasa wako wa afya utenge kisanduku kidogo cha namba hizi, kwa herufi kubwa, kinachoweza kukatwa na kutiwa mfukoni siku ya kwenda dukani.

Wasomaji wako,
Washauri wa lishe