Kabla hujapanda ndege kwenda Perpignan

Mwanangu,

Nimesikia umesaini. Nimesikia kwa dada yako sio kwako, ila haya tuyaache. Mwaka mmoja tena eh? Sawa, ni Super League, ligi kuu ya raga ya wachezaji kumi na tatu ya Uingereza na timu za Ufaransa kama hiyo ya Perpignan, na prop, yule jitu la safu ya mbele, wa umri wako kupewa mkataba huko sio mchezo, wengi uliotoka nao akademi saa hizi wana kazi zingine, raga wanacheza wikendi tu. Wewe bado unalipwa kwa kukaba watu, mara thelathini arobaini mechi moja, halafu kesho yake anasifiwa winga aliyekimbia na mpira mara moja. Huwa nakasirika mimi.

Sasa kichwa. Nimekuuliza kwa simu ukabadilisha mada, nimekuandikia WhatsApp ukanirushia kidole gumba. Jumapili umekula na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, taa inakuumiza macho, eti usingizi. Usingizi gani wa kuuliza funguo ziko wapi na umezishika mkononi? Daktari wa timu anajua? Au ulimwambia uko fiti kwa vile mkataba ulikuwa bado na Perpignan walikuwa wanakuangalia?

Hesabu zako nazijua baba. Staa akigongwa anasubiriwa, wewe ukikaa nje wiki mbili kuna kijana anachukua jezi na haachii. Hilo ndo linanitisha, maana mwenye kazi ya mwaka mwaka ndiye anayeficha. Bobbie Goulding alikuwa nahodha wa klabu ya St Helens kule Uingereza 1996 wanabeba ligi na kombe la Challenge Cup, 2021 akatangaza ana dementia, ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau, ana miaka 49. Na usiniambie hukuzimia, sio lazima uzimie, ubongo unatikisika humo humo ndani na ukigongwa tena haujapona ndo balaa. Hata skani ikiwa safi haimaanishi huna kitu.

Ile kozi ya umeme usiiache, soma kwenye ndege, timu ya huko karibu kila mechi ya ugenini ni kuvuka bahari kwenda Uingereza. Na klabu nazo hufa: Bradford walikuwa mabingwa wa ligi hiyo hiyo 2003 na 2005, Januari 2017 klabu ikafilisika na mikataba ya wachezaji ikafa nayo. Kwa hiyo nyumba ya kupanga chukua ndogo, hao wenzako wenye magari ya kung'aa usishindane nao. Na ujifunze Kifaransa kidogo, usiwe kama kule ulikopelekwa kwa mkopo ukarudi hujui hata jirani anaitwa nani.

Baba yako anasema nakutia hofu. Yeye mwenyewe juzi kaniuliza kama bado kichwa kinakuuma, kwa hiyo asinisumbue.

Mashine ya kufulia ilikuwa imegoma, fundi kafungua pampu katoa matope na kinga yako ya meno, ile ya bluu. Nimeiosha, sijui kama bado inafaa. Maboksi ya jezi njoo uyapange kabla hujaondoka, dada yako anakitaka kile chumba na mimi sitaki kesi. Zile ambazo huzitaki weka pembeni, ila ya mechi yako ya kwanza usiiguse, hiyo yangu.

Ukija njoo na karatasi ya daktari ya kichwa. Kama hujaenda sema hujaenda, tutaenda wote Alhamisi, nimeshaomba ruhusa kazini.

Mama