Wenye disleksia wasinyimwe kazi za kompyuta

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu ajira za teknolojia mjini Kisumu haikuwataja vijana wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Hawana upungufu wowote wa akili. Maandishi ndiyo huwasumbua, mstari mmoja wakausoma mara tatu. Kwenye kompyuta, programu ya kuandikia msimbo (maagizo ambayo kompyuta hufuata) huonyesha kosa papo hapo, na nyingine huwasomea kwa sauti. Ila siku ya mahojiano ya kazi hupewa karatasi, kalamu na nusu saa. Hapo ndipo huangushwa, na inauma sana.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Waajiri waruhusu mtihani ufanywe kwenye kompyuta na muda uongezwe. Serikali ya kaunti ianze kwa kulieleza hilo katika matangazo yake ya kazi.

Mwalimu wa kompyuta,
Kondele, Kisumu