Wifi anasema mguu unaouma hautembei, na mume wangu alinyamaza

Kwako Shangazi,

Inakaribia saa kumi alfajiri na sijalala. Kila nikifumba macho yale maneno yananirudia. "Mguu unaouma hautembei." Ndivyo alivyosema wifi yangu mbele ya ndugu wote wa mume wangu, na mbele ya mke wa shemeji aliyeolewa juzi tu, ambaye hata hanijui vizuri. Baba watoto alikuwa pale pale. Alikuwa anatazama simu.

Unajua familia zetu zilivyo. Mama mkwe amepata kiharusi, upande mmoja umepooza, na mke wa mwana wa kwanza ni mimi. Sikuulizwa. Walikuwa wameshaelewana kwamba akitoka hospitali ataletwa kwangu Umoja, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti. Nikasema magoti yangu hayataweza kumwinua, kumgeuza kitandani na kumwogesha. Ndipo wifi akasema watu hunikuta kila asubuhi Moi Drive nimevaa raba, natembea vizuri, ati naumwa nikiitwa kazi tu.

Shangazi, mimi si mvivu. Baba mkwe alipougua ni nani alimwuguza mpaka akafariki? Ni mimi, na watoto wakiwa wadogo. Huyo wifi alikuwa anakuja Jumapili na matunda. Sikulalamika wakati ule, na hata leo silalamiki.

Kutembea kwangu si starehe. Lilianza goti la kulia, likafuata la kushoto, nikafikiri ni baridi ya Julai. Nikawa nakaa. Kadiri nilivyokaa ndivyo yalivyokaza, hata ngazi nikawa nazishuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Dawa za maumivu zikaniunguza tumbo, na daktari akanikataza kuzimeza ovyo kwa sababu nina presha. Picha zikaonyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, imelika. Osteoathritisi, alisema. Akanituma kwa dada wa fiziotherapi, na huyo ndiye aliyenieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: gegedu haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo unasukumwa ukikunja na kukunjua mguu. Ukikaa tu, unainyima chakula. Misuli ya paja nayo ikilegea, goti linabaki kubeba mwili peke yake.

Basi nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mmoja mpaka usawa, naushikilia hapo, naushusha polepole. Nasimama na kukaa bila kujishika. Nalala chali nainua mguu ulionyooka. Halafu ndiyo natoka kutembea, mahali tambarare, kabla matatu hazijajaa. Aliniambia maumivu kidogo wakati wa mazoezi si ya kuogopa, ila yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, kesho yake nipunguze. Na nipunguze mwili pia, kwa sababu kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Haya yote wifi hajui. Yeye ameona raba.

Na yamenisaidia, Shangazi, hilo ndilo linaloniuma. Sasa nashuka ngazi nikitazama mbele. Naenda soko la Mutindwa mwenyewe na kurudi. Kupiga magoti au kuchuchumaa bado siwezi, na kumwinua mtu mzima asiyejiweza si sawa na kutembea barabarani na mikono mitupu. Nimewaza hata niache mazoezi kwa muda, nitembelee mkongojo, ili waniamini. Ni vibaya nikifanya hivyo? Najua magoti yatakaza tena. Lakini nikishika mkongojo watasema nimekwisha, mwana wao amebaki na mke mgonjwa. Sitaki kuonewa huruma na mtu. Nataka tu wajue kuwa naumwa.

Usidhani namkataa mama. Alinipokea vizuri nilipoolewa, hajawahi kunitolea neno baya hata siku moja. Nilisema tuchange pesa, tumtafutie mtu wa kumsaidia, akae kwa wifi Rongai ambako nyumba ni ya chini, nami niwe naenda kumpikia na kushinda naye. Wifi akasema namtupia mzigo wangu. Mzigo wangu! Mama aliyemzaa yeye! Akiletwa kwangu nitampokea, siwezi kumfungia mlango. Lakini asiletwe. Nikifikiria kumshusha ngazi zile kila siku ya kliniki, natetemeka.

Mume wangu ndiye aliyeninunulia hizo raba. Ndiye anayenisikia usiku nikijigeuza, ndiye aliyekuwa akinishika mkono kwenye ngazi. Neno moja lingetosha: "Ni kweli anaumwa." Tukiwa kwenye matatu nilimwuliza kwa nini hakusema kitu, akajibu dadake amechanganyikiwa na ugonjwa wa mama, nisimtie maanani. Sasa sijui kama anamwogopa dadake au naye anaamini kuwa mguu unaouma hautembei. Hilo naogopa kumwuliza.

Wanakutana tena Jumapili. Nimwombe yule dada wa fiziotherapi aniandikie barua niende nayo? Au ni aibu mwanamke wa umri wangu kuwasomea wakwe barua ya hospitali ili aaminike? Naona ingefaa mume wangu aisome yeye, kwa mdomo wake, mbele ya dadake. Lakini nikimlazimisha itakuwa na maana gani tena?

Tafadhali nijibu kabla ya Jumapili. Jina langu usilitaje, wifi husoma ukurasa huu.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi