Nataka unishushe Buguruni: barua ya wazi kwa walimu vijana wa Kihispania

Wanangu walimu,

Salamu kutoka Kinondoni. Marahaba kwa wote mlionipigia simu tangu shule zifunguliwe. Kilio chenu ni kimoja: mmepewa darasa la juu la Kihispania, lile la AP, mtihani wa Marekani wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, watoto ni werevu, vitabu vipo, na bado darasa limelala. Mmoja wenu kaniuliza, "Babu, shida ni sarufi au ni uvivu?" Nimejibu mmoja mmoja hadi salio limeisha. Sasa najibu wote kwa mpigo.

Shida ni kwamba mnampeleka mtoto wa Dar Hispania kwa kumpitisha London kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo, tena kwa miaka. Kihispania nilikipata Cuba, kwa ufadhili wa masomo. Niliporudi nikaanza kufundisha kwa vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa na Kiingereza. Ikifika ile sura ya subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la jambo linalotakwa au kutumainiwa, kitabu kinahangaika kurasa na kurasa, kwa kuwa Kiingereza chenyewe kimebakiwa na kimabaki tu cha kitu hicho. Nilikaa wiki tatu na jedwali ubaoni. Watoto wakakariri, wakapata alama, wiki ya nne hakuna aliyeweza kusema sentensi moja.

Jioni moja nimebanwa ndani ya daladala la Gongo la Mboto, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa miguuni akamwambia konda, "Nataka unishushe Buguruni Sheli, usije ukaniambia tumepita." Konda akagonga bodi, gari likasogea. Mimi nimekwama kwenye neno lake. Nataka unishushe. *Quiero que me deje*. Shusha, unishushe, *deja*, *deje*. Ile *a* ya mwisho imegeuka *e* kwa sababu ileile: mmoja anataka, mwingine ndiye atakayetenda. Na mtu akitaka kutenda mwenyewe, lugha zote mbili zinarudi kwenye kitenzi kitupu: nataka kushuka, *quiero bajar*. Nilipitiliza kituo changu.

Kesho yake nikafuta jedwali. Nikaandika maneno ya yule mama ubaoni nikawaambia watoto watunge yao. Nataka mama aninunulie viatu. Mwalimu anataka tunyamaze. Dakika ishirini kelele tupu, na vitenzi vinatoka sawa. Ilibaki kuwaambia kwamba vitenzi vya *-er* na *-ir* vinakwenda kinyume, *come* inakuwa *coma*, na hilo walilipokea bila kinyongo maana kiini wameshakielewa.

Msidhani daraja hilo linafika kila mahali. Sisi tunasema "atakapokuja" kwa wakati ujao, wenzetu wanasema *cuando venga*, kwa subjuntivo. Mtoto wa Dar atakuandikia *cuando vendrá* mpaka amalize shule, usipomwonyesha kwamba hapo Kiswahili kinamdanganya. Sisi tunasema "natumaini atakuja", wao *espero que venga*. Mwambieni wazi panapokatika, asije akatumbukia mtoni.

Lakini penye daraja, jamani, pitisheni watoto. *Ser* na *estar*, vile vitenzi viwili vya "kuwa", mnafundisha kwa mashairi ya kukariri, wakati mtoto anajua tangu utotoni kwamba baba *ni* fundi na baba *yuko* kazini. Jinsia za nomino mnaziomboleza kama msiba. Mtoto aliyekua na ki-vi, u-zi, li-ya na nyingine zote, ambaye hawezi kusema "kitabu mzuri" hata akiwa usingizini, atashindwa na makundi mawili? *Libro bonito, casa bonita*. Ni upatanisho wa kisarufi, basi. Mwite kwa jina analolijua.

Na msisahau undugu wa zamani. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka mwaka 1492. Kiarabu kilichobaki kule na Kiarabu kilichotufikia huku pwani vinakutana darasani kwenu kila siku. *Azúcar* na sukari. *Hasta* na ile "hata" ya hadithi za bibi zetu, "wakaenda hata wakafika". Na *ojalá*, neno la kutamani jambo liwe, ambalo ndani yake amelala Mwenyezi Mungu kama alivyo ndani ya inshallah. Kitenzi kinachoifuata kinakuwa subjuntivo siku zote. Hata ile *z* ya Madrid iliyonitesa mimi niliyezoea Kihispania cha Havana ni *th* ya thamani tu. (Anayesema "selasini" badala ya thelathini mwacheni na matamshi ya Amerika ya Kusini, ataishi vizuri.)

Najua mtaniambia, Babu, darasani kuna Mkorea, kuna Mdachi, kuna Mhindi wa Upanga. Wote hao Kiswahili cha uwanjani wanacho. Kinatosha.

Sasa mtihani wenyewe. Sehemu ya kuchagua majibu sitaisemea sana. Mtoto anayesoma na kusikiliza kila siku ataivuka. Vijana wanaokesha kwenye vibanda umiza kwa ajili ya Real Madrid na Barcelona wapeni mechi zenye watangazaji wa Kihispania, wawaandikie walichosikia. Kinachowamaliza ni kusema na kuandika.

Kuna ile kazi ya kulinganisha tamaduni: dakika nne za kujiandaa, dakika mbili za kuongea, jamii ya mtoto na jamii ya wazungumzaji wa Kihispania. Nilikuwa na binti mmoja, hodari kweli. Alikuwa amekariri habari za Día de Muertos ya Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, meza ya picha, maua ya rangi ya machungwa, mkate wa marehemu. Akailinganisha na Halloween, ambayo maisha yake yote ameiona kwenye runinga tu. Aliongea kama msoma taarifa ya habari. Hakukosea hata kiambishi, na mimi nikapiga miayo.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Kwenu mtu akifariki mnafanyaje?" Akaniangalia kama nimemvunjia heshima. Kisha akaanza: arobaini ya bibi yake, Temeke, masufuria ya pilau uani, wazee wakisoma hitima, mjomba akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akificha sukari chini ya kitanda, watu wakicheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia, "Haya, hilohilo, kwa Kihispania." Akaanza kusuasua. *Mi abuela murió en marzo*. Akasema *muchos gente* badala ya *mucha gente*; nikauma ulimi. Alipofika mwisho akatulia kidogo, akasema *Allá ponen la comida para el muerto. Aquí la comen los vivos*. Kule chakula anawekewa marehemu, huku wanakula walio hai. Hiyo haimo kitabuni. Tangu siku hiyo Halloween sijairuhusu tena darasani kwangu.

Barua pepe rasmi wanapewa dakika 15, na wanaharibu kwenye salamu. Mtoto ambaye hathubutu kumwambia mzee "mambo" anamwandikia mkurugenzi *Hola, ¿qué tal?* na kumwita *tú*, ile "wewe" ya marafiki, mpaka mwisho. Mwambieni: *usted* ni shikamoo. Ukishaitoa mwanzoni, huwezi kugeuka katikati ya barua ukampiga mzee bega. Kisha ajibu maswali yote aliyoulizwa, na yeye aulize jambo.

Kwenye mazungumzo ya kurekodiwa, kila zamu ni sekunde 20, na kinachoua ni ukimya. Wapeni maneno ya kuvutia pumzi. *O sea* ni yaani. *Pues* ni basi. *A ver* ni hebu. Mtoto mwenye yaani mdomoni hanyamazi. Akikosea ajirekebishe hapohapo na kuendelea, kama afanyavyo kila mtu anayeongea.

Insha ya kujenga hoja ina vyanzo vitatu: makala, jedwali au grafu, na sauti inayosikilizwa mara mbili. Watoto wanavifupisha kimoja baada ya kingine kisha wanasema "kwa maoni yangu". Hiyo si hoja. Kabla hawajashika kalamu wabishanisheni kama watu wa kijiweni. Bodaboda zizuiwe kuingia mjini au zisizuiwe? Waacheni wapandishane sauti kwa Kihispania kibovu, kisha ndipo wapewe dakika 40 za kuandika. Utaona vyanzo vinaingia vyenyewe, kwa kuwa kila mmoja anatafuta silaha.

La mwisho linanihusu mimi zaidi. Mwaka wangu wa tatu kazini nilirudisha insha ya kijana mmoja ikiwa nyekundu toka juu hadi chini. Alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu baba yake. Hakuniandikia tena zaidi ya nusu ukurasa hadi alipohama shule. Siku hizi ningeandika swali moja pembeni kuhusu huyo baba, na ningechagua kosa moja tu linalojirudia, nilishughulikie hilo wiki nzima. Mengine yangengoja.

Mtihani ni Mei. Jumamosi baada ya adhuhuri huwa nipo barazani. Njooni na insha za watoto wenu, zile mnazoona aibu kunionyesha. Kahawa nitachemsha, kashata mje nazo.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Kinondoni